Tarehe za daftari la samaki: shajara ya mradi, Lamu

Jumatatu

Ripoti ya mwaka 2024 ya samaki walioshushwa imerudishwa na kamati ya chama cha wavuvi, na waliorudisha wana haki. Ukurasa wa pili unaonyesha kwamba Kizingitini, tarehe 1 Julai, walishushwa kamba mawe wengi kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi ule. Mzee mmoja wa kamati, aliyezamia kamba tangu ujana wake, aliusoma mstari ule akaiweka karatasi mezani. "Mwanangu, mwezi wa saba kusi imekaza na maji yamevurugika. Kamba hao waliwaona vipi huko chini?"

Hapo ndipo mradi huu unapoanzia. Naandika hatua kwa hatua ili wenzetu wa Faza na Kiunga, ambao data zao zinapita njia ile ile, wapate pa kushika.

Njia yenyewe ni hii. Karani wa diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, huandika daftarini kwa kalamu: namba ya risiti, nahodha, chombo, aina ya samaki, kilo, tarehe na saa. Jioni yale ya daftari huchapwa kwenye Excel, kwa laptopu ya diko. Mwisho wa wiki faili hutumwa ofisini hapa Amu, yaani mji wa Lamu, likaingizwa kwenye hifadhidata ya SQL Server, kisha Power BI ikasoma humo na kutoa ripoti. Daftari limeandikwa 7/1/2024. Kwa karani, na kwa kila mtu aliyesoma Kenya, hiyo ni saba Januari. Kwa kompyuta iliyopangiwa Kiingereza cha Marekani, hiyo ni Julai mosi, wala haina shaka nayo.

Saba Januari ni katikati ya kaskazi, bahari imetulia na wazamiaji wako kazini. Kamba wa ripoti ni wa kweli. Siku yao ndiyo iliyohamishwa.

Kuna watakaoona hili ni jambo dogo la kurekebisha kwenye mipangilio. Mimi sioni hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Tangu hapo kila mvuvi hapa anajua thamani ya karatasi inayosema alikuwa baharini siku fulani, mahali fulani, akarudi na kilo fulani. Rekodi yenye kilo sahihi na siku ya uongo ikipelekwa mbele ya watu makini, itaangushwa kwa swali moja kama lile la mzee.

Jumanne

Nimekaa na laptopu mbili ubavu kwa ubavu: ile ya ofisi, iliyopangiwa Kiingereza cha Kenya, na ile ya Kizingitini, iliyonunuliwa ikiwa imetumika na haikuwahi kubadilishwa mipangilio ya eneo. Faili ni moja.

Kwenye laptopu ya Kizingitini, kisanduku cha kwanza kinasomeka 7/1/2024. Kwenye ya ofisi, kisanduku kile kile kinasomeka 01/07/2024. Nikakigeuza kionyeshe namba tupu, zote mbili zikatoa 45474. Excel haihifadhi tarehe kama tulivyoiandika. Inahifadhi hesabu ya siku, ikianzia na 1 kwa Januari mosi 1900, na 45474 ni Julai mosi 2024. Saba Januari ingekuwa 45298. Maana yake ni kwamba kosa liliingia pale karani alipobonyeza Enter. Yeye aliona kwenye skrini kitu kile kile alichokichapa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku chochote.

Sasa tazama mstari wa 25/1/2024. Mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo laptopu ile ilishindwa kuifanya tarehe ikaiacha kama maandishi. Inajulikana kwa macho: tarehe za kweli zimeegemea kulia kwa kisanduku, maandishi yameegemea kushoto. Safu nzima ya Kizingitini ina meno, nyingine kulia, nyingine kushoto.

Zilizoegemea kushoto, ambazo mtu angedhani ndizo mbovu, ni salama kabisa. Zimebaki kama karani alivyoandika, herufi kwa herufi. Zilizokubaliwa na mashine ndizo zilizogeuzwa.

Halafu ikaja hasara ya pili. Programu ya kuingiza faili kwenye hifadhidata ilisoma mistari michache ya mwanzo, ikakisia kwamba safu hii ni ya tarehe, na kila maandishi iliyokutana nayo ikayaacha tupu. Ripoti nayo ilichujwa isionyeshe mistari isiyo na tarehe. Kwa hiyo samaki wa kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa kila mwezi wametoweka, na wa tarehe 1 hadi 12 wametawanywa mwaka mzima. Kizingitini walikuwa wanalalamika kwamba jumla yao ni ndogo mno kulinganisha na kazi yao. Malalamiko yao ni ya haki.

Jumatano

Hesabu ya ukubwa wa tatizo. Kwa mwaka, tarehe ambazo siku na mwezi zote ni 12 au pungufu ni 144. Kumi na mbili kati yake hazidhuriki, maana 5/5 ni 5/5 ukisoma upande wowote. Zinabaki 132 zinazogeuka kimya kimya. Nyingine zote, 222 kwa mwaka mrefu kama 2024, zinakataliwa waziwazi.

Za kukataliwa ni rahisi. Zikisomwa kama siku/mwezi/mwaka, kazi imekwisha. Nguvu zangu zote ziko kwenye zile 132.

Kama kila faili la Kizingitini lingechapwa kwenye laptopu ile ile, dawa ingekuwa amri moja: chukua tarehe, badilisha siku iwe mwezi na mwezi uwe siku. Lakini haikuwa hivyo. Chaja ilipoharibika, madaftari yaliletwa Amu kwa boti yakachapwa ofisini, na yale yaliingia sawasawa. Nikigeuza yote, nitaharibu yaliyo mazima.

Kipimo nilichopata ni hiki, na nakiandika kwa kirefu kwa sababu kinafaa popote. Usiulize tarehe moja moja. Uliza fungu zima lililochapwa kwa pamoja. Ndani ya fungu, tafuta tarehe ambayo siku yake imezidi 12. Ikiwa imekaa kama namba, fungu lilichapwa kwenye mashine inayojua siku kwanza, basi usiliguse. Ikiwa imekaa kama maandishi, fungu lilichapwa kwenye mashine ya mwezi kwanza, basi kila namba iliyomo humo imegeuzwa na lazima irudishwe. Tarehe iliyokataliwa inatoa ushahidi juu ya jirani zake.

Kipimo cha pili ni namba za risiti. Risiti zinapanda moja moja, kwa hiyo tarehe nazo zinapaswa kupanda au kusimama. Risiti mbili zinazofuatana zikiruka kutoka Januari hadi Julai na kurudi Januari, jibu liko wazi.

Vipimo vyote viwili vimemaliza sehemu kubwa. Yamebaki mafungu ya wiki za mwanzo wa mwezi, ambayo hayana siku hata moja iliyozidi 12, na ambayo namba zake za risiti hazikuchapwa. Haya kompyuta haiwezi kuyaamua. Lazima nione daftari.

Alhamisi, Kizingitini

Karani alikuwa ameyapanga madaftari juu ya meza ya mizani, yote, hata ya zamani ambayo sikuyaomba. Anaandika vizuri, mwandiko wa chuoni, wima na safi. Pembeni mwa kila ukurasa ameandika hali ya maji: bamvua, yaani maji makubwa, au maji mafu, yaani maji madogo.

Mzee wa kamati, ambaye nilikuja naye, alifurahi kuona hilo. "Basi hapa huna haja ya kompyuta. Bamvua haidanganyi. Tazama mwezi siku ile ulikuwaje, utajua tarehe ipi ni ya kweli." Lilikuwa wazo zuri na tulilijaribu hapo hapo kwa kalenda. Saba Januari 2024: mwezi mwandamo 25, maji yanaanza kuelekea bamvua. Julai mosi 2024: mwezi mwandamo 24. Karibu sawa. Tukajaribu tarehe nyingine, 8/4. Aprili 8 mwezi ulikuwa unaandama, na Agosti 4 pia ulikuwa unaandama. Nyingine tena, ikawa vile vile.

Tulikaa na jambo hili hadi adhuhuri, na sababu yake ni nzuri kuijua. Ukigeuza siku na mwezi, kila mwezi unaousogeza mbele unarudisha siku moja nyuma. Mwezi wa kalenda kwa wastani ni siku 30.44. Toa moja, inabaki 29.44. Na kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.53. Tarehe iliyogeuzwa hurukia karibu kabisa na hali ile ile ya mwezi, na kwa hiyo maji yale yale. Kutoka saba Januari hadi Julai mosi ni siku 176. Miandamo sita ni siku 177 na ushei. Bamvua haiwezi kutofautisha hizi mbili hata ingeandikwa kwa uangalifu gani. Sijawahi kuona jambo hili likielezwa mahali, na yeyote anayesafisha rekodi za bahari pwani hii ajue asitegemee maji katika kosa la namna hii.

Upepo unatofautisha, maji hayatofautishi.

Hata hivyo mzee hakuwa amekosea njia, kwa sababu karani alikuwa ameandika zaidi ya maji. Kichwani mwa kila ukurasa kuna mwezi wa Kiislamu kwa hesabu yetu ya mfungo, inayoanza kuhesabu miezi baada ya Ramadhani. Ukurasa wa 7/1 umeandikwa Mfungo Tisa. Saba Januari 2024 ilikuwa Mfungo Tisa; Julai mosi ilikuwa bado Mfungo Tatu, wiki mbili baada ya Idi ya kuchinja. Siku ya mwezi mwandamo haisemi kitu, lakini jina la mfungo linamaliza ubishi. Mafungu yaliyobaki karibu yote yameamuliwa kwa vichwa vya kurasa ambavyo hakuna aliyewahi kufikiria kuvichapa.

Jambo moja zaidi kabla ya boti. Saa za daftari ni saa zetu, saa 3 asubuhi, saa 3 usiku. Kwenye Excel zimechapwa 3:00, na hifadhidata imezielewa kuwa saa tisa za usiku. Kwa saa, kuongeza sita kunatosha, ila lazima ijulikane ni asubuhi au usiku, na hiyo imo daftarini tu. Nikamuuliza karani kuhusu vyombo vinavyorudi usiku: chombo kikifika saa 3 usiku wa kuamkia Ijumaa, anaandika tarehe ya Alhamisi au ya Ijumaa? Akasema ya Ijumaa, maana magharibi ikishaingia siku imekwisha. Mwenzake kijana wa zamu nyingine anaandika ya Alhamisi, akifuata simu yake. Wote wawili wana hoja na sitamwambia yeyote aache. Daftari litabaki kama walivyoliandika, na hifadhidata itakuwa na safu inayotaja zamu ili tarehe ya kalenda ihesabiwe kwa kanuni ya zamu husika.

Jumamosi, kwenye nakala ya majaribio

Kazi ya hifadhidata. Nimetengeneza jedwali la mapokezi ambalo tarehe inaingia kama maandishi, kama ilivyokuja, na haiguswi tena. Pembeni yake iko safu ya tarehe iliyohakikiwa, na nyingine ya chanzo: laptopu gani, fungu gani, iliamuliwa kwa kipimo gani. Mtu akija na swali baada ya miaka mitano ataona jinsi tulivyofika pale.

Maandishi yanasomwa kwa `TRY_CONVERT(date, tarehe_asili, 103)`. Namba 103 inasema wazi kwamba ni siku/mwezi/mwaka, kwa hiyo jibu halitegemei lugha ya mtumiaji aliyeingia. Zilizogeuzwa zinarudishwa kwa `DATEFROMPARTS(YEAR(t), DAY(t), MONTH(t))`, lakini kwa yale mafungu yaliyothibitika tu.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kila mtu hufundishwa kwamba ukiandika mwaka-mwezi-siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka, umeshasalimika. Safu ya zamani ilikuwa ya aina ya `datetime`, na akaunti ya ofisi imepangiwa Kiingereza cha Uingereza. Nikaingiza '2024-01-07'. Ikatoka Julai mosi. Kwa aina hiyo ya zamani, SQL Server ikiwa kwenye mpangilio wa siku kwanza huusoma mwaka, kisha siku, kisha mwezi. Aina ya `date`, iliyokuja na toleo la 2008, haina tabia hiyo: husoma mwaka, mwezi, siku katika lugha yoyote. Safu imebadilishwa kuwa `date`. Skripti moja ya zamani ambayo bado inalazimika kuandika kwenye `datetime` sasa inaandika 20240107 bila vistari, na hiyo inasomwa sawasawa popote.

Faili la Faza lina tarehe za maneno: 3 Mac, 12 Ago, 5 Des. Jedwali dogo la mistari kumi na miwili limezimaliza.

Mwisho nimeweka kizuizi: tarehe ya kushusha samaki haiwezi kuwa mbele ya siku ya kuchapwa. Laiti kingekuwepo tangu mwanzo, kosa hili lingejulikana wiki ya kwanza ya mwaka 2024, maana saba Januari ingegeuka kuwa siku ambayo bado haijafika.

Jumanne iliyofuata

Power BI imekuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Tarehe ikishatoka hifadhidatani ikiwa tarehe, hakuna tena maandishi ya kukisia, na mipangilio ya eneo inabaki kuwa suala la kuonyesha tu. Faili moja bado linasomwa moja kwa moja, kwa hiyo nimelitajia muundo wa tarehe na utamaduni (lugha na nchi): dd/MM/yyyy, en-GB. Angalieni herufi kubwa. MM ni mwezi, mm ni dakika, na kuchanganya hizo mbili huleta makosa ambayo mtu anaweza kuyatafuta siku nzima.

Ripoti inayojisasisha mtandaoni inahesabu "leo" kwa saa ya UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Ikijisasisha kati ya saa sita na saa tisa za usiku, leo yake ni jana yetu. Nimeipangia ijisasishe saa kumi na mbili asubuhi.

Kwenye ukurasa wenyewe hakuna tena 7/1. Imeandikwa 7 Januari 2024, mwezi kwa jina lake, ili karatasi ikifika kwa mtu yeyote, wa hapa au mgeni, asome kitu kimoja. Na kwa ombi la kamati, badala ya robo za mwaka kuna misimu: kaskazi na kusi. Miezi ambayo upepo unageuka wataigawa wenyewe.

Alhamisi, mbele ya kamati

Tumepitia Kizingitini mwezi kwa mwezi. Wale kamba wa Julai mosi wamerudi Januari saba, na samaki wa nusu ya pili ya kila mwezi, waliokuwa wamepotea, wameingia. Mzee alipitisha kidole kwenye grafu kutoka Desemba hadi Machi, akashuka nayo hadi Juni, akasema, "Haya, hii ndiyo bahari ninayoijua." Kisha akauliza swali la maana kuliko yote: laptopu ya Kizingitini bado iko vile vile? Haiko. Imepangiwa Kiingereza cha Kenya, na fomu mpya ina visanduku vitatu, siku, mwezi kwa jina na mwaka, na cha nne cha asubuhi, mchana, jioni au usiku. Karani ameijaribu mbele yetu na akaomba kiongezwe cha mfungo. Kimeongezwa.

Yaliyobaki: Faza na Kiunga zipitie kipimo cha mafungu kabla ripoti ya kaunti nzima haijatolewa. Na liko fungu moja la Kizingitini, la mwanzo wa Februari, ambalo ukurasa wake uliloa na kichwa hakisomeki. Hifadhidatani lina alama ya "halijathibitishwa" na halihesabiwi kwenye jumla yoyote. Nahodha wa chombo kilichoshusha siku zile ana nakala za risiti nyumbani kwake Pate. Amesema atazileta Ijumaa baada ya sala.